Mwenye duka akifariki ghafla: yanayosemwa msibani na ukweli wake

"Funga duka mpaka arobaini ipite." Siku za matanga hakuna anayebisha. Lakini saruji ikikaa stoo huganda, na wadaiwa nao huanza kusahau. Familia inaweza kulinda mali ya marehemu isiharibike, mradi kila shilingi inayoingia na kutoka iandikwe. Iko siku itaulizwa.

"Mtoto mkubwa ndiye mwenye duka sasa." Hapana. Hapa Tanzania kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Na msimamizi naye si mmiliki. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni. Wengi wakishapata barua ya usimamizi hukaa kimya, miaka ikapita.

"Namba yake ya siri tunaijua, tutoe hela kabla laini haijafungwa." Ndugu wangapi hawasalimiani leo kwa ajili ya hela hizo!

"Kijana wa duka aondoke, ataiba." Hili ndilo baya kuliko yote. Fungua daftari la madeni: "Fundi mrefu, saruji 6." "Mama wa kona, bati 2, baki mwisho wa mwezi." Nani anamjua fundi mrefu? Marehemu, na kijana huyo. Keti naye ukurasa kwa ukurasa, uandike majina kamili na namba za simu. Mkihofia wizi, hesabuni mali ya stoo pamoja naye, mbele ya shahidi, na mwambieni mshahara wake utatoka lini. Waliowapa mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye, wapigieni ninyi kwanza, kabla hawajasikia mtaani kwamba duka limekufa.

"Madeni amekwenda nayo." Hulipwa kutoka mali aliyoacha, kisha ndipo warithi wagawane. Mrithi halazimiki kutoa mfukoni mwake, isipokuwa kama alisaini udhamini. Mkopo wa benki mara nyingi huwa na bima ya maisha ya mkopaji. Kaulizeni mapema, cheti cha kifo mkononi.

"Alisajili BRELA, kwa hiyo ni kampuni." BRELA, wakala wa serikali wa usajili, husajili kampuni na majina ya biashara pia, na jina la biashara si kampuni. Kama lilikuwa la mtu mmoja, mali yote ya dukani inaingia kwenye mirathi. Kampuni ndiyo haifi na mtu. Kinachorithiwa ni hisa zake. Cheti cha usajili kitawaambia mna kipi.