Ujazo wa ganda la risasi haupimwi kwa ganda tupu

Ujazo wa ganda la risasi ni nafasi iliyo ndani yake, nayo hutajwa kwa uzito wa maji yanayoijaza hadi mdomoni. Kwa Wamarekani wanaojaza risasi upya nyumbani, kipimo ni greni, ambayo ni sehemu moja kati ya 7,000 za ratili; ganda la .308 Winchester, aina mojawapo ya risasi za bunduki, kwa mfano, huchukua takriban greni 56.

Kinachopotoshwa mno ni hiki: watu huyaweka maganda matupu kwenye mizani, wakatenga mazito na mepesi, kisha wakasema wameyapanga kwa ujazo. Walichokipanga ni shaba, yaani ile shaba iliyochanganywa na zinki ambayo ganda limetengenezwa kwayo. Ni kweli kwamba maganda mawili yakilingana kabisa kwa nje, lililo zito lina nafasi ndogo zaidi ndani, na kwa kuwa shaba hiyo ina uzito wa karibu mara 8.5 ya maji, kila greni 8.5 za ziada hula nafasi ya greni 1 ya maji. Ndiyo maana hutahadharishwa kuhusu maganda ya kijeshi ya 7.62×51, yanayokaribiana kwa umbo la nje na ya .308 Winchester, ambayo mara nyingi ni mazito kuliko ya kiraia: baruti ileile, ikiungulia mahali finyu, hutoa shinikizo kubwa zaidi. Lakini shaba ya ziada huenda iko kwenye ukingo wa kitako, au mfuo unaoshikwa na kulabu ya kung'olea ganda haukuchongwa sana, na huko haipunguzi nafasi ya ndani hata kidogo.

Maji huondoa utata huo. Ganda lililofyatuliwa katika bunduki hiyohiyo, likiwa bado halijabanwa kurudishiwa umbo lake, na fataki iliyotumika, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, ikiwa ingali inaziba tundu, hupimwa kavu. Kisha hujazwa maji kwa kitoneshi, likagongwagongwa kwa ukucha hadi vipovu vitoke, na uso wa maji ukalingana na mdomo bila kuvimba wala kubonyea, kwa maana tone moja la kawaida hupita nusu greni. Hupimwa tena, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ujazo.

Kutenga maganda kwa mizani peke yake ni kazi halali, na anayeifanya aseme tu kwamba ameyapanga kwa uzito. Neno ujazo lisubiri mpaka maji yatiwe.