Mwachieni mtoto sumaku, ila isifike kwenye mita

Shule zikifunga, ofisi yetu ya umeme hapa Kigoma hupokea maswali ya wazazi ambao watoto wao wameng'oa sumaku kwenye spika za redio mbovu. Wengi huuliza kama wawanyang'anye. Hapana. Kaeni nao mjaribu pamoja.

Anzeni na dira. Isugue sindano ya kushonea kwa uso mmoja wa sumaku, kutoka tunduni hadi kwenye ncha, mara 40 hivi. Ukifika mwisho inua sumaku, rudi mwanzo; kusugua kwenda na kurudi kunaharibu kazi. Ilaze juu ya jani kavu linaloelea kwenye bakuli la plastiki, mbali na sumaku na simu. Itageuka taratibu, kisha itulie ikilala kaskazini na kusini. Kuhakiki kwetu ni rahisi: ukilitazama ziwa na milima ya Congo, kaskazini ni mkono wa kulia. Mtoto akiisukuma kwa kidole, itarudi palepale, kwa kuwa Dunia yenyewe ni sumaku kubwa. William Gilbert, daktari wa Uingereza, alilieleza hilo mwaka 1600.

Kisha mpeni sarafu ya shilingi 500, kifuniko cha soda, waya wa shaba na sufuria ya aluminiamu. Abashiri kwanza kipi kitanasa, ndipo ajaribu. Hapa hata watu wazima hukosea, maana bado wanaamini sumaku huvuta kila kinachong'aa. Sarafu hiyo inanasa kwa sababu ni chuma kilichopakwa nikeli. Shaba na aluminiamu hazinasi.

Kwa mkubwa kidogo, zungushieni msumari waya mwembamba wenye plastiki, mizunguko 50 hivi, mmenye ncha mbili na kuzigusisha kwenye betri moja ya tochi. Msumari utainua pini. Sekunde chache zinatosha, kwani waya hupata moto. Betri hiyo ni volti 1.5, soketi ni volti 230, inaua. Msumari huo usisogezwe kwenye soketi hata kama swichi imezimwa.

Visumaku vidogo vya duara visikae kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Akimeza viwili, hunasana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Mpelekeni hospitali mara moja hata kama halii, msisubiri vitoke.

Sasa mita. Tumelisema mara nyingi na tunalirudia: kubandika sumaku kwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, hakuongezi uniti. Zipo mita ambazo zikihisi sumaku hukata umeme na kuweka kumbukumbu, na tokeni ya kawaida haitairudisha. Ikitokea kwa mchezo wa mtoto, toeni taarifa ofisini mapema mkiwa na namba ya mita. Fundi atafika na kitambulisho, mkiombe kabla ya kumfungulia. Atakagua lakiri, yaani sili inayofunga mita, atajaza fomu, nanyi mtaisoma kabla ya kusaini. Lakiri ikiwa nzima, mita hufunguliwa kwa tokeni maalumu. Ikiwa imekatwa, umeme ambao haukulipiwa hupigiwa hesabu na mteja hudaiwa, na shauri linaweza kufikishwa mahakamani kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Anayehojiwa ni mwenye mkataba wa umeme, si mtoto.