"Malaria hamna, ila taifodi imeonekana": namna ya kuyasoma majibu ya homa

Homa ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowapeleka watu zahanati nchini kwetu, na majibu wanayorudi nayo nyumbani ni yale yale. "Nimekutwa na malaria mbili." "Malaria hamna, ila taifodi imeonekana." "Wamesema ni taifodi na UTI." Mgonjwa anapewa mfuko wa dawa, anameza, na akipata nafuu anaamini kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Asipopata nafuu anarudi, anapimwa vile vile, anaandikiwa dawa kali zaidi. Wengi tunaowapokea hospitali ya rufaa wakiwa wamechelewa wamepitia njia hiyo. Kwa hiyo leo nitazungumzia zaidi vipimo viwili, cha malaria na cha taifodi: vinaweza kutuambia nini, na ni wapi vinaishia.

Nianze na utafiti ambao kila mtu anayetibu homa Tanzania anapaswa kuujua. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi walichunguzwa kwa vipimo ambavyo hospitali zetu nyingi hazina. Waliopokelewa wodini wakiwa wameandikiwa malaria walikuwa 528, sawa na asilimia 60.7. Majibu ya maabara yalipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14.

Hao wengine waliugua nini? Watu 85 walikuwa na bakteria ndani ya damu, hali inayoweza kuua kwa siku chache. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, bruselosi, na homa zinazoenezwa na kupe. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Na linaloniuma zaidi ni hili: kati ya wote hao wenye magonjwa ya wanyama au chikungunya, hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wake ulikuwa umetajwa kwenye jalada siku ya kulazwa, hata kwa kudhaniwa.

Si haki kuwalaumu madaktari wale. Walifundishwa wakati ambapo homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria na kutibiwa hivyo, na hata Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo kwa maeneo yenye malaria nyingi. Ni mwaka 2010 ndipo shirika hilo lilipotaka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mkubwa kwa mdogo. Isitoshe, malaria haijatapakaa sawasawa nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Tabora, wakati Kilimanjaro hawakufika hata asilimia moja. Homa ya Nzega, kule Tabora, na homa ya Moshi, kule Kilimanjaro, hazianzi na maswali yale yale.

Sasa kipimo chenyewe. Kile kipande cha plastiki kinachodondoshewa tone la damu ya kidole, MRDT, kinatafuta protini ya kimelea cha malaria. Kikitumika vizuri ni kipimo cha kuaminika, lakini watu wengi, na watoa huduma wakiwemo, hukiamini kinaposema ndiyo tu. Kikisema hapana, utasikia malaria "imejificha", kwamba imeingia kwenye ini au kwenye mifupa, na mgonjwa anaandikiwa mseto, yaani vidonge vya malaria, vivyo hivyo. Vimelea vinavyoleta homa ya malaria vimo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ikiwa kipimo ni hasi na homa inaendelea, rudia kupima kesho yake, na papo hapo sababu nyingine ianze kutafutwa. Majibu hasi hayana maana kwamba mtu si mgonjwa. Yana maana kwamba kazi ya daktari ndiyo kwanza inaanza.

Kuna makosa mawili ya upande wa pili. La kwanza, protini ile hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo aliyemaliza mseto juzi akipimwa MRDT atakutwa "bado anayo" na kuanzishiwa dozi nyingine bila sababu. Huyo apimwe kwa darubini. La pili ni hesabu za "malaria moja" au "malaria tano". Idadi ndogo haimaanishi ugonjwa mdogo. Mtoto mwenye vimelea vichache lakini hawezi kukaa wala kunyonya ni mgonjwa mahututi, na anahitaji sindano ya artesunate, si vidonge.

Tuje kwenye taifodi, maana hapa ndipo palipoharibika zaidi.

Kipimo kinachotumika karibu kila mtaa kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Fernand Widal aliyekieleza huko Paris mwaka 1896. Mtaalamu huchukua damu, huitenganisha, kisha hudondosha maji ya damu kwenye kigae cheupe. Pembeni huweka tone la dawa ya rangi, mara nyingi la buluu kwa sehemu moja na jekundu kwa nyingine, anachanganya, anakitikisa kigae polepole kwa takriban dakika moja huku akitazama. Chembechembe zikigandamana kama mchanga laini, anaandika kwamba imeonekana, pamoja na namba kama 1:80 au 1:160. Namba hiyo huonyesha maji ya damu yalizimuliwa kiasi gani yakawa bado yanagandisha.

Lakini kilichoonekana pale ni nini? Si bakteria wa taifodi. Ni kingamwili, askari waliotengenezwa na mwili dhidi ya bakteria wa jamii hiyo. Kingamwili ni nyayo uwanjani: zinasema kuna mtu kapita, hazisemi kama kapita leo au mwaka juzi, wala kama yumo ndani ya nyumba sasa. Mtu aliyewahi kuugua taifodi anazo. Aliyechanjwa anaweza kuwa nazo. Aliyeambukizwa bakteria wengine wa ukoo wa salmonela anaweza kuwa nazo, na hata malaria inaweza kukifanya kipimo kigandishe. Kwa upande mwingine, mwenye taifodi halisi ya wiki ya kwanza anaweza kutoka bila kitu, kwa kuwa mwili wake bado haujatengeneza kingamwili za kutosha.

Njia sahihi ya kukitumia kipimo hiki ni kuchukua damu mara mbili, siku 10 hadi 14 zikipita katikati, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne. Ni nani anasubiri wiki mbili akiwa na homa? Kwa hiyo hupimwa mara moja tu, na mara moja haitoshi kumwambia mtu chochote cha uhakika.

Tupige hesabu ya mfano. Watu 1,000 wana homa, na 10 kati yao ndio wenye taifodi. Kipimo kinawanasa 8 kati ya hao 10, na kinawapa majibu ya uongo watu 5 katika kila 100 wasio nayo. Kwa namba hizo kipimo kinaonekana kizuri. Ila wasio na taifodi ni 990, na asilimia 5 yao ni watu wapatao 50. Watakaotoka na karatasi ya "taifodi imeonekana" ni 58, na wenye taifodi kweli ni 8 tu. Hamsini watameza antibiotiki za ugonjwa wasio nao, na kile kilichowaletea homa kitaendelea na safari yake.

Madhara mengine ni hii inayoitwa taifodi sugu. Mtu anamaliza dozi, anarudia Widal "kuangalia kama imeisha", inaonekana tena, anaongezewa dawa. Nyayo hazifutiki kwa sipro wala antibiotiki nyingine. Kingamwili zinaweza kukaa miezi mingi, hivyo Widal haifai kabisa kupima kupona. Nimekutana na watu waliokwisha kuchomwa sindano za seftriaksoni awamu baada ya awamu kwa sababu hii, na tunapowachunguza tunakuta wana kifua kikuu, bruselosi, au VVU ambavyo havikuwahi kupimwa.

Sisemi kwamba taifodi haipo. Ipo, inaenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na isipotibiwa inaweza kutoboa utumbo, mara nyingi kuanzia wiki ya tatu, mgonjwa akahitaji upasuaji wa dharura. Kenya iliona uzito wake ikaanza Julai 2025 kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Ugonjwa mzito kama huo unastahili kuthibitishwa kwa kipimo kinachomtafuta bakteria mwenyewe.

Kipimo hicho ni kuotesha damu. Ngozi inasafishwa kwa makini ili bakteria wa juu ya ngozi wasiingie, kisha damu inavutwa na kutiwa kwenye chupa yenye supu maalumu ya kukuzia bakteria. Mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Ndugu hulalamika kwamba damu ni nyingi mno, na ninawaelewa, lakini bakteria wa taifodi huwa wachache sana ndani ya damu, ukivuta kidogo utawakosa. Chupa inakaa kwenye joto la nyuzi 37 hadi siku tano. Kitu kikiota, kinahamishiwa kwenye sahani, na juu yake vinawekwa vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Dawa inayofaa inaacha duara safi kuizunguka, pasipoota kitu. Isiyofaa, bakteria wanaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Ukiiona sahani ile huhitaji maelezo mengi kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Hata kuotesha hakukamati wote, huwakosa wagonjwa wengi, hasa waliokwisha kumeza antibiotiki. Vidonge viwili vya sipro ulivyonunua duka la dawa jana usiku vinaweza kulifanya jibu la leo lisiwe na maana. Kama unaelekea hospitali, usianze antibiotiki njiani. Panadol ya kushusha homa haiharibu kipimo.

Mahali ambapo kuotesha hakupo, na ni pengi, silaha kubwa ya daktari ni maelezo yako. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa kikiuma, mwili ukichoka na wengine wakitokwa damu puani. Walipimwa Ebola, Marburg ambayo ni ndugu yake, na UVIKO-19, ikawa hapana. Ilikuwa homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine unapochafua maji na udongo. Watatu walifariki. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa za bei nafuu, kama doksisaiklini au penisilini, mradi ufikiriwe mapema. Mkoani Kagera, Machi 2023, Marburg nayo ilianza kwa dalili ambazo mtu yeyote angeziita malaria.

Kwa hiyo usiishie kumwambia daktari "nasikia homa na mwili unauma". Mweleze homa ina siku ngapi, na kama inakuja jioni na jasho la usiku. Mwambie kama ulisafiri, kama unafanya kazi shamba la mpunga au machinjioni, kama ulimzalisha mbuzi au ng'ombe, kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, kama umeng'atwa na kupe, kama nyumbani kuna mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu au msiba wa karibuni usioeleweka. Mfugaji mwenye homa inayokwenda na kurudi na maumivu ya viungo anaweza kuwa na bruselosi. Hiyo hutibiwa kwa dawa mbili kwa muda usiopungua wiki sita, na siku saba za dawa ya taifodi humpa nafuu ya kitambo tu.

Kuhusu watoto, mengi ya haya huwa mepesi zaidi. Watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 wakiwa na homa, saba katika kila kumi walikuwa na maambukizi ya virusi. Malaria ilikuwa takriban asilimia 10, taifodi chini ya asilimia 4. Mtoto anayecheza, anayekula na mwenye mafua, akipimwa malaria na kukutwa hana, mara nyingi anahitaji parasetamoli kwa kadiri ya uzito wake, maji ya kutosha, na mama anayejua lini arudi.

Dawa nayo ina masharti yake. Mseto una dozi sita kwa siku tatu, ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, na imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Taifodi iliyothibitishwa, hata ikipewa dawa sahihi, homa huchukua siku tatu hadi tano au zaidi kushuka. Mgonjwa anayebadilishiwa sindano siku ya pili kwa sababu "bado ana joto" anabadilishiwa dawa iliyokuwa inafanya kazi.

Zipo homa zisizosubiri maelezo yote haya. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea na haamki vizuri. Mtu mzima aliyekakamaa shingo, anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, mwenye macho ya manjano, mkojo uliopungua sana au damu inayotoka bila kujeruhiwa. Hao waende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Na anayewasindikiza achukue pakiti za dawa zote walizokwisha kumeza wiki hiyo, hata kama ni tupu, pamoja na karatasi za vipimo vya nyuma, azitoe mbele ya daktari kabla hajaulizwa.