Je, wajua kwa nini majani ya mahindi hujikunja jua likiwa kali?

Mvua ikikatika, pita kwenye shamba la mahindi saa saba mchana. Utakuta majani yamejikunja kwa urefu wake mpaka yanafanana na ya kitunguu. Pita tena alfajiri, mengi yameshakunjuka.

Upande wa juu wa jani la mahindi una safu za seli kubwa zilizojaa maji. Ukame ukibana, hizo ndizo hunywea kwanza, jani likavutika kwa ndani na sehemu inayopigwa na jua ikapungua. Papo hapo mmea huzalisha homoni iitwayo asidi ya absisiki, inayofunga stomata, yaani vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa. Maji yanaokolewa, ila kabonidioksidi nayo haiingii, na bila hiyo hakuna chakula kinachotengenezwa. Ukame ukiangukia wakati wa kutoa mbelewele, hasara ni kubwa zaidi: ndevu za hindi huchelewa kutoka, chavua inakuwa imekwisha, na hindi hubaki na mapengo hata mvua ikirudi.

Kwa magonjwa mbinu ni nyingine, na mimi naiona ya kikatili. Kuvu wa ugonjwa wa kutu akijipenyeza kwenye jani, seli zikamtambua, zile alizozivamia hujiua. Kuvu huyo huishi kwa kunyonya seli zilizo hai tu, basi hufa njaa. Kwa hiyo kidoa kidogo cha kahawia huenda kikawa dalili kwamba mmea umeshinda. (Kwa kuvu wanaokula seli zilizokufa, mbinu hiyo ni kuwaandalia karamu.) Baada ya hapo asidi ya salisiliki, homoni ya kinga iliyo ndugu wa aspirini, huongezeka hata kwenye majani ya mbali. Mwaka 1961 mtafiti wa magonjwa ya mimea A. Frank Ross alionyesha kwamba tumbaku iliyoambukizwa virusi kwenye majani machache hupata kinga hata kwenye majani ambayo hayakuguswa.

Matata huanza ukame na ugonjwa vikija pamoja. Mara nyingi asidi ya absisiki huzima kazi ya asidi ya salisiliki, ndiyo maana mmea wenye kiu unaweza kuangushwa na ugonjwa ambao msimu wa mvua ungeuhimili. Lakini si kila mara, kwa sababu stomata zikifungwa, bakteria wanaoingilia hapo hukosa mlango. Baadhi yao, kama Pseudomonas syringae, wana aina zinazotengeneza sumu ya koronatini, inayoiga homoni ya mmea wenyewe na kuzifungua stomata upya.