Je, wajua kwa nini kuta za nyumba za kale za Lamu zina mawimbi?

Ingia nyumba ya kale ya mawe, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, alasiri jua likipenya dirishani kwa upande. Ukuta uliouona mweupe mtupu asubuhi sasa una vivimbe na mabonde, kama shuka iliyoanikwa ikapata upepo. Pitisha kiganja: hakuna pembe kali, hata ukingo wa mlango umeviringika. Je, mafundi wa zamani hawakuwa na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia ukuta ulionyooka?

Walikuwa nayo. Siri iko ndani ya ukuta wenyewe. Ukuta huo, unene wake nusu mita hivi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu. Hayachongwi yakawa kama tofali; hupangwa yalivyo, kubwa kwa dogo, kisha fundi hutomea mianya kwa vijiwe. Ukitaka kuunyoosha ukuta wa namna hiyo kwa ubao, utajaza chokaa sentimita tano hapa na moja pale, na chokaa nene hupasuka. Basi lipu iliufuata ukuta. Si kwamba mafundi hao walishindwa na kazi laini: ni haohao waliochonga nakshi za vidaka vya Lamu, yaani vishubaka vya ukutani, kwa chokaa hiyohiyo.

Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa ya ukaa. Ukilimwagia maji hutokota na kumumunyuka. Ndiko kuzima chokaa. Likishapakwa ukutani, huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa, kidogo kidogo, mpaka lirudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hauharakishwi, na mwenye nyumba mwenye pupa hujuta.

Wengi siku hizi hukarabati nyumba hizo kwa saruji, kwa kuwa inapatikana duka la jirani na inakauka upesi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na haipitishi unyevu vizuri. Maji yanayopanda kutoka ardhini, yamebeba chumvi, hukosa pa kutokea. Lipu huvimba, ukiigonga inalia bwabwa, halafu siku moja inaanguka na ngozi ya jiwe.

Kama ukuta wako ni wa mawe, tumia chokaa fungu moja kwa mchanga mafungu matatu. Mchanga wa pwani wenye chumvi uache palepale ufukweni. Lowesha ukuta kwanza. Mkavu utanyonya maji ya lipu kabla haijashika. Tabaka la kwanza ni la mchanga mkubwa, unarushwa kwa mwiko kwa nguvu ili uingie kwenye mianya, kisha unakwaruzwa ili la pili lipate pa kung'ang'ania. Kila tabaka liwe jembamba, sentimita moja au pungufu, na lirashiwe maji siku kadhaa bila kupigwa na jua. Tabaka la mwisho ndilo lenye sura: halipitishiwi ubao. Linasuguliwa kwa mkono wenye glavu na sponji mbichi, kwa mizunguko mikubwa, na mkono ukienda unakoitwa na ukuta. Glavu na miwani si mapambo, maana chokaa mbichi huunguza ngozi na macho.

Nyumba ya matofali ya saruji haina mawimbi ya kufuata, hivyo itabidi uyabuni. Hapo mchanganyiko wa saruji moja, chokaa moja na mchanga sita unafaa, kwa kuwa chokaa huifanya lipu iwe laini mkononi na isikimbilie kukauka. Tatizo litakuwa fundi. Heshima yake yote iko kwenye ukuta ulionyooka, na ukimwambia aache rula atahisi unamtukana. Mpe mita moja ya mraba ya majaribio nyuma ya mlango. Iache ikauke, uipake maji ya chokaa mepesi kama maziwa, mara tatu nne, badala ya rangi ya mafuta. Usiku zima taa ya dari, weka tochi kando ya ukuta, mwite fundi aangalie.