Kabla Orodha ya Masomo Haijaandikwa, Shule Iketi na Mji

Shule ya umma ya sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) katika Kaunti ya Lamu, iwe Faza, Mpeketoni au Witu, ina uhuru mkubwa kuliko wazazi wanavyodhani na mdogo kuliko wanavyotamani. Mtaala hutungwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya. Walimu huajiriwa na TSC, tume ya kuwaajiri walimu. Kiingereza, Hisabati, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, pamoja na mafunzo ya huduma kwa jamii, ni lazima kwa kila mwanafunzi. Kinachobaki mikononi mwa shule ni masomo ya hiari, ambayo kila mwanafunzi huchagua matatu: yapi yafunzwe, yachanganywe vipi, yawekwe saa ngapi. Wazazi waelezwe mipaka hii mwanzo kabisa wa kikao cha kwanza cha kukusanya maoni. Wasipoelezwa, nusu ya muda itapotea wakidai mambo ambayo bodi haina uwezo nayo, na baadaye watasema walidanganywa.

Tulichozoea ni mkutano mmoja siku ya kufunga shule: mwalimu mkuu asoma orodha, watu wapiga makofi, majina yaandikwa. Hayo ni mahudhurio tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi na jamii wajumbe sita katika bodi ya usimamizi, lakini shule inayopokea watoto wa vijiji vitano haiwezi kutegemea vinywa sita. Vifanywe vikao vidogo vya watu 10 hadi 15: wavuvi, wakulima, mafundi, walimu wa madrasa, vijana waliomaliza shule karibuni, na wazazi wa watoto wenye ulemavu, ambao husahaulika kila mara. Akina mama wapewe kikao chao, maana wakichanganywa na wanaume wengi wao huishia kuitikia yaliyokwisha kusemwa. Siku za wavuvi zipangwe na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo husika. Mvuvi hupanga kazi kwa mwezi na maji, si kwa kalenda ya ofisi. Mchana wa Ijumaa na alasiri za Ramadhani ziachwe. Msimu wa Kusi, bahari inapochafuka, kikao kifuate watu kijijini kwao badala ya kuwavusha kwa mashua.

Swali la kuuliza si “mnataka masomo gani?” Jibu lake linajulikana kabla ya mtu kufungua kinywa: udaktari na kompyuta. Waulizwe waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi, wanafanya nini, na ni ujuzi gani waliukosa walipotafuta kazi. Aliyekosa kazi ya kutengeneza injini ya boti kwa kutojua umeme ana la kusema kuliko hotuba nzima.

Baada ya maoni huja hesabu, na hapa ndipo shule nyingi huficha karatasi. Zisifiche. Tuchukue somo la hiari lenye vipindi sita kwa wiki. Likifunzwa Gredi ya 10, 11 na 12, kundi moja kila gredi, ni vipindi 18. Mwalimu wa masomo mawili ya namna hiyo anabeba 36 katika wiki ya vipindi 40, na hana tena wakati wa kuandaa wala kusahihisha. Mzazi akiiona hesabu hii ataelewa kwa nini kuongeza somo moja ni kuomba mwalimu mwingine, si kuomba ruhusa.

Ratiba nayo ina mtego. Masomo ya hiari hugawanywa katika mafungu matatu. Yaliyo katika fungu moja hufunzwa saa ile ile, na mwanafunzi huchukua moja tu kila fungu. Teknolojia ya Bahari na Uvuvi ikitiwa fungu moja na Biolojia, mtoto anayetaka kusomea samaki atalazimika kuacha mojawapo. Njia ya kulinasa kosa hili ni rahisi: andika mafungu kwenye karatasi ya manila, kila mzazi amchagulie mwanawe masomo matatu. Migongano itajitokeza papo hapo.

Mji una ujuzi ambao mwalimu wa ratiba huenda hana. Somo la uvuvi linahitaji ufuo wakati wa maji kupwa, na maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hivyo kipindi cha “kila Jumanne saa mbili” mara nyingi kitakuta maji yamejaa. Lakini bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na pwani hii maji yake hupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Basi vipindi vya ufuoni viunganishwe viwili viwili, mara moja kila wiki mbili, kwa tarehe zilizokubaliwa na wavuvi wazee mwanzoni mwa muhula. Wiki za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, zibaki za darasani. Idhini ya wazazi kwa maandishi na majaketi ya kuokolea maisha viwe tayari kabla ya siku ya kwanza.

Vivyo hivyo fundi wa majahazi wa Matondoni anaweza kuitwa kuonyesha kazi katika somo la Useremala. Hata hivyo, asiyesajiliwa na TSC haruhusiwi kuwa mwalimu. Aje kama mgeni wa somo, mwalimu awepo, na malipo yake yapitishwe na bodi kabla hajaja. Makubaliano ya mdomo huvunjika mwezi wa pili tangu yafanywe.

Ombi la michezo, muziki au maigizo lijibiwe kwa uangalifu. Mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati hufunzwa katika kila shule; wa sanaa na michezo haupo kila mahali, na shule isiyo nao haiwezi kuuanzisha kwa kura ya wazazi. Ipeleke ombi kwa afisi ya elimu ya kaunti, ikiambatanisha idadi ya wanaolitaka, madarasa yaliyopo na walimu waliopo.

Ndani ya wiki mbili baada ya kikao cha mwisho, ubao wa shule na wa chifu ubandikwe karatasi yenye safu tatu: lililoombwa, lililoamuliwa, na sababu. Safu ya tatu ndiyo husomwa zaidi. Lililokataliwa kwa kukosa mwalimu liandikwe hivyo, pamoja na tarehe ya barua iliyopelekwa TSC.