Kumtukana Mchezaji Kabla ya Mechi Hakumfanyi Acheze Vizuri

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya timu za mitaani: eti kabla ya mechi mtukane mchezaji, mpandishe hasira, naye atacheza kama simba. Si kweli, ingawa una chembe ya ukweli.

Mwili uliochangamka hufanya kazi vizuri kuliko uliolegea. Mnyanyua vyuma huweza kufaidika moyo ukimwenda mbio. Lakini mpiga penalti anahitaji mguu mtulivu na kichwa kilichopoa. Hasira ikizidi, misuli hukakamaa na macho hung'ang'ania kitu kimoja. Mwenzake aliye huru pembeni haonekani tena. Rafu na kadi nazo huanzia hapo. Isitoshe, watu hawafanani: mmoja hutaka muziki wa juu, mwingine hutaka kimya.

Pimeni wenyewe mazoezini. Kila mmoja apige penalti kumi akiwa ametulia, na siku nyingine apige kumi tena baada ya kuzomewa. Andikeni matokeo, na mrudie kwa wiki kadhaa, maana siku moja haitoshi.

Kinachotuchanganya ni kumbukumbu. Ile mechi kocha alipofoka mapumzikoni na mabao yakarudi husimuliwa miaka. Zile alizofoka tukazidi kufungwa hazina msimuliaji. Tena tunachanganya bidii ya kuwania mpira na nia ya kumuumiza mtu.

Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze, hasa kwenye grupu la timu ya watoto. Mtoto aliyetukanwa huingia uwanjani akiwaza asikosee, badala ya kuuwaza mpira.